UZI: Ndege ndogo ya tairi la mbele kwenye viwanja vya nyasi vya porini, marubani na mafundi tuelekezane

Bawa la Juu (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kwenye uzi mmoja wa gharama za kusomea urubani kuna mdau aliandika kwamba ndege yenye tairi la mbele haifai kabisa kutua kwenye nyasi, kwamba huko ni kazi ya ndege za tairi la mkiani peke yake. Wengi wakaunga mkono na mada ikapita. Nimeona hili lipate uzi wake, maana kuna vijana wanamaliza leseni Wilson (Nairobi) na Arusha, kesho wanakabidhiwa Cessna 206 kupeleka mizigo kambini, na wanaingia porini na maneno hayo kichwani.

Tuanze na hali halisi. Nchi zetu hizi zinahudumiwa na ndege za tairi la mbele. Cessna 182, 206, 210 na Caravan ndizo zinazofika Mara, Serengeti, Katavi na Ruaha, ndizo zinazopeleka chanjo na kurudi na mgonjwa. Kwa hiyo swali la kama inawezekana limeshajibiwa zamani. Linalobaki ni jinsi ya kufanya ili ndege irudi nzima.

Hata hivyo yule mdau hakukosea moja kwa moja. Tairi la mbele ndilo kiungo dhaifu kuliko vyote chini ya ndege. Piga magoti kando ya 182 uangalie. Miguu miwili mikuu ni chuma cha springi, ukiishukia kwa kishindo inatanuka na kurudi. Mguu wa mbele ni shokapu la hewa na mafuta, umefungwa kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Tairi lenyewe ni dogo: kwenye 172 na 182 za kawaida mbele ni saizi 5.00-5, nyuma ni 6.00-6. Na mbele kidogo tu ya hilo tairi kuna propela, ambayo kwa nguvu za kupaa inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kanuni za Marekani ambazo Cessna hizi nyingi ziliundwa kwazo zilidai propela iwe angalau inchi 7 kutoka ardhini kwa ndege ya tairi la mbele. Inchi 7 ni kama sentimita 18. Shimo la ngiri lina kina zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mimi nafundisha hivi: tairi la mbele ni la kuongozea ndege inapotembea polepole. Halikuwekwa pale lipokee kishindo wala lipite kwenye matuta likiwa na uzito juu yake. Kila nitakachosema humu kinatoka hapo.

Kutua. Ingia na kasi ya kitabu, si kasi ya woga. Wengi wakiona kiwanja kifupi chenye miti mwishoni huongeza mwendo kwa noti tano (maili tano za bahari kwa saa) "za usalama", halafu ndege inaelea, inaelea, kiwanja kinaisha, na rubani anaisukuma ardhini kwa nguvu. Ikisukumwa namna hiyo, kinachotangulia kugusa ni tairi la mbele. Flapu zote chini (vile vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa), kasi imetulia, pua inanyanyuka taratibu, honi ya kuonya mwendo mdogo inalia, matairi makuu yanagusa.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ndege nyingi zinaumia. Matairi makuu yakishagusa, rubani anapumua na mikono inalegea. Usukani unarudi mbele wenyewe, pua inadondoka ndege ikiwa bado na noti 45, na tairi la mbele linakutana na kichuguu kilichofichwa na nyasi. Usilegeze. Endelea kuvuta usukani kifuani kadiri kasi inavyopungua, mpaka uguse mwisho, na ubaki hapo. Pua itashuka yenyewe hewa ikiisha nguvu kwenye mkia, na itashuka polepole. Breki usiziguse kama huna lazima, kwa sababu breki zinahamishia uzito mbele. Nyasi kavu zenyewe zinakupunguzia mwendo.

Na ndege ikidunda, usiisukume pua chini kuifuata ardhi. Ukisukuma, tairi la mbele linatangulia, mdundo wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na wa tatu ndio unaovunja mguu na kukunja propela. Nguvu zote, shika pua usawa, punguza flapu kidogo kidogo, zunguka uje upya.

Naomba kuwasilisha, nitaendelea na kupaa. Mafundi karibuni.

---

Kijana wa Hangari

Mkuu shukrani sana. Mimi bado mwanafunzi, nimezoea lami tu. Mwalimu wangu anasema kwenye nyasi laini nisisimame kabisa kabla ya kupaa, niingie kiwanjani huku natembea na niondoke moja kwa moja. Sijaelewa. Ukaguzi wa injini nitaufanya saa ngapi? Na flapu?

---

Bawa la Juu

Mwalimu wako anakufundisha vizuri, mdogo wangu.

Ukisimama kwenye ardhi laini matairi yanazama kidogo, na kuyatoa pale kunakula nguvu ambayo ungeitumia kuondoka. Jambo la pili ni mawe. Propela ikizungushwa kwa nguvu ndege ikiwa imesimama inavuta changarawe kutoka chini na kuzipiga kwenye ncha zake. Tafuta sehemu ngumu, safi, yenye nyasi fupi zilizoshika ardhi, fanya ukaguzi wako hapo, kisha ingia kiwanjani bila kusimama. Pakiwa hapana sehemu kama hiyo, fanya huku unatembea taratibu.

Katika ukaguzi huo, kama kiwanja kipo juu ya futi 3,000, punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta mpaka injini itoe nguvu yake ya juu kabisa. Wanafunzi wa Mombasa na Dar hulisahau hili kwa sababu kwao mkono wa mchanganyiko hukaa mbele kabisa. Wilson peke yake ipo juu ya futi 5,500. Ukiondoka kwenye nyasi za huko na mafuta yamezidi, unaacha nguvu ambayo unaihitaji kweli.

Flapu fuata kitabu cha ndege yako: nyuzi 10 kwa 172, 20 kwa 182 na 206. Usukani nyuma mpaka mwisho kabla hujaanza kukimbia. Weka nguvu kwa utaratibu, usiitupe yote kwa mara moja. Mapema sana utaona pua inanyanyuka na tairi la mbele linaacha ardhi. Hapo legeza kidogo, kidogo tu, ili mkia usije ukagonga chini, na uendelee na tairi la mbele likiwa hewani.

Ndege itaacha ardhi ikiwa na kasi ndogo kuliko uliyozoea. Usipande! Karibu na ardhi, chini ya nusu ya urefu wa mabawa, hewa inaibeba ndege vizuri kuliko itakavyoibeba juu kidogo. Mabawa ya 172 yana mita 11 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo unazungumzia mita chache sana juu ya nyasi. Shusha pua, kimbia usawa hapo hapo mpaka upate kasi ya kupanda, ndipo upande. Anayevuta tu baada ya kuacha ardhi anarudi chini, na anarudi pua ikiwa mahali pabaya.

---

Fundi Spana

Salaam wadau. Mleta uzi ameeleza mikono ya rubani, mimi naongeza yanayotufikia hangarini.

182 ina injini nzito mbele. Akitua nayo mtu aliyezoea 172, bila kutrimu vizuri (kuupunguzia usukani uzito kwa kile kigurudumu cha trimu), pua inamshinda na inashuka kabla ya wakati. Kinachoumia ni ule ukuta wa bati alioutaja mleta uzi. Unakunjana. Mara nyingi rubani hajui, kwa sababu ndege inaruka kama kawaida na inaweza kupita kwa watu watatu kabla mtu hajaona. Kwa hiyo ukikabidhiwa 182 ambayo imekuwa inafanya kazi za nyasi, kabla hujaigusa angalia ngozi ya ndege nyuma kidogo ya injini, chini na pembeni, kwa mwanga wa tochi unaopiga kutoka pembeni. Bati likiwa na mawimbi, au ribiti (misumari inayoshika bati) zina alama nyeusi kama ya moshi pembeni, ina maana zinacheza. Fungua milango ya mbele, ona kama inafunga sawa. Ukiona hivyo usiruke, ita fundi.

Shokapu la mbele liangalie kila siku, si kila ukaguzi mkubwa. Sehemu inayong'aa ya chuma lazima ionekane kwa kipimo cha kitabu. Likiwa limekaa chini, propela yako imeshapoteza nafasi yake kabla hujafika kwenye shimo lolote. Ifute hiyo sehemu inayong'aa kwa kitambaa kilichoguswa mafuta ya shokapu, maana vumbi likikauka pale linakata sili na mafuta yanavuja. Tairi la mbele likianza kutetemeka kushoto kulia wakati wa kukimbia, kile kizuia mtetemo kimechoka au boliti zimelegea. Usikizoee kitu hicho.

Vifuniko vya matairi vile vya plastiki vitoe. Vinapendeza lamini. Kwenye tope vinajaa, vinakauka, na matairi hayazunguki. Kwa 206 inayoishi porini kuna mguu wa mbele wenye uma mzito na tairi kubwa la 6.00-6, na nyuma 8.00-6. Mwenye ndege akikuambia ni gharama, mkumbushe bei ya propela na ya kufungua injini nzima, kwa sababu propela ikigonga ardhi injini inafunguliwa hata kama inawaka vizuri.

Propela ipitishe kidole, ukingo wa mbele, taratibu. Kikovu kidogo kilichoachwa na jiwe ndipo ufa unapoanzia. Fundi anakisawazisha kwa faili kwa muda mfupi, lakini lazima aambiwe.

Na la mwisho, joto la kabureta, yaani ile hewa ya moto ya kuzuia barafu kwenye kabureta. Ukilifungua, hewa inaingia kwenye injini bila kupita kwenye chujio. Ukiwa chini kwenye vumbi na mbegu za nyasi, lipime kwa ufupi kisha lifunge. Chujio lenyewe lipige jicho kila ukitua. Mbegu za nyasi zinajaa pale kama sufi.

---

Mkia wa Nyuma

Mimi ndiye yule mdau wa uzi ule mwingine, na sirudi nyuma. Waulize wahifadhi. KWS, shirika la wanyamapori kule Kenya, wametumia Super Cub na Husky miaka mingi kwa doria, zote za tairi la mkiani. Kwa nini? Kwa sababu propela ipo juu, uzito upo nyuma, na ukiingia shimoni hakuna mguu wa mbele wa kuvunjika. Haya yote mnayoandika ni namna ya kukwepa udhaifu ambao ndege yangu haina.

---

Bawa la Juu

Karibu mkuu, na nashukuru umekuja mwenyewe.

Kwa doria ya mtu mmoja au wawili, kutua kwenye kipande cha mita 300 kando ya mto ambako hakuna aliyewahi kutua, nakubaliana nawe kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya Super Cub na sitamshauri mtu aende huko na 182.

Lakini kazi nyingi za huku si hizo. Ni watu watano na mizigo yao, kiwanja kinachojulikana, kimefyekwa, kina mtu wa kukiangalia. Hapo 206 inafanya kazi mchana kutwa. Na ndege ya tairi la mkiani nayo ina adhabu yake: upepo wa pembeni ukiikamata wakati wa kukimbia, mkia unataka kutangulia mbele, na ndege inazunguka yenyewe. Ya tairi la mbele inajinyoosha. Kwenye viwanja vyetu, vingi vina mwelekeo mmoja na upepo wa saa nane mchana unatoka unakotaka, hilo si jambo dogo.

---

Mzee Mbuga

Mnaongea vizuri vijana. Nimeruka zote mbili na sina ugomvi na yeyote. Ila wote mmeanza na kutua, na mimi ningeanza kabla ya hapo. Kiwanja usichokijua kikague kwanza kutoka hewani.

Pita mara ya kwanza juu kidogo, futi 500, uone mteremko, miti, nyaya, moshi unaelekea wapi. Pakiwa hapana soksi ya upepo, angalia vumbi la ng'ombe, angalia maji ya bwawa: upande uliotulia ndio upepo unakotoka. Kisha pita chini, kando ya kiwanja na si juu yake, ili ukione kupitia dirisha lako. Shika noti 70 kwenye GPS, yaani mwendo juu ya ardhi, na hesabu sekunde kutoka mwanzo hadi mwisho. Noti 70 ni mita 36 kila sekunde. Sekunde 20 ni mita 720. Watu watakuambia "kiwanja kina kilomita moja", na saa yako ikuambie vingine.

Mteremko unadanganya macho. Kiwanja kinachopanda mbele yako kinakufanya ujione upo juu sana, unashuka zaidi, na unafika chini kabla ya kiwanja.

Na mkiwa chini hivyo, macho kwa ndege wakubwa. Michael Grzimek, yule mtafiti wa wanyamapori kutoka Ujerumani, alikufa Serengeti tarehe 10 Januari 1959, ndege yake aina ya Dornier iligongana na tai mbesi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Panapokuwa na mzoga karibu na kiwanja, tai wanazunguka juu yake siku nzima, na mzoga ukiwa pale na fisi wapo.

---

Kijana wa Hangari

Shikamoo Mzee. Swali langu lingine: kiwanja cha mita 1,000 cha nyasi kinatosha kwa 182 yenye watu wanne? Maana kwa macho ni kirefu sana.

---

Mzee Mbuga

Marahaba kijana. Macho yaache, chukua kalamu.

Tuseme kiwanja kipo futi 5,000, joto nyuzi 28. Joto ambalo hesabu za vitabu huchukulia kuwa la kawaida kwa kimo hicho ni nyuzi 5, umezidi kwa 23. Kila nyuzi moja iliyozidi ni kama kuongeza futi 120 za kimo. Jumla ndege yako inajiona ipo karibu futi 7,800. Huko ndiko injini, propela na bawa vinakofanyia kazi, hata kama wewe unaona nyasi hapo chini.

Tuseme basi kitabu, kwa uzito wako na hali hiyo, kimekupa mita 800 mpaka kuvuka kizuizi cha futi 50, juu ya lami. CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, imechapisha vizidisho ambavyo wengi tunavitumia. Nyasi kavu mpaka urefu wa sentimita 20 kwenye ardhi ngumu: zidisha 1.2. Unapata 960. Kiwanja kinapanda asilimia 2: zidisha 1.1. Unapata 1,056. Kisha wanashauri uongeze 1.33 ya usalama, kwa sababu namba za kitabu zilipatikana kwa ndege mpya na rubani wa kiwanda. Inafika mita 1,400 na ushee. Kiwanja chako cha mita 1,000 hakitoshi, na bado hatujagusa nyasi mbichi.

Sasa angalia unavyoweza kupunguza. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, safari ya kupaa inarefuka kwa asilimia 20 hivi. Upunguze na unarudishiwa. Ondoka saa moja asubuhi nyuzi zikiwa 15 na unapata zaidi ya kumi kati ya mia. Paa ukishuka mteremko kama upepo unaruhusu, badala ya kupanda. Mtu mmoja abaki aje safari ya pili. Ghafla hesabu inakubali.

Kuna jambo linalowakamata wengi. Mara nyingi kutua kunahitaji nafasi ndogo kuliko kupaa. Kwa hiyo unaweza kuingia mahali vizuri kabisa ukiwa na tabasamu, na ndege isiweze kutoka. Hesabu ya kupaa fanya ukiwa bado nyumbani.

Na ukiwa kiwanjani weka alama katikati, jiwe jeupe au mti unaoujua. Ukifika pale hujapata asilimia 70 ya kasi ya kuacha ardhi, funga nguvu, simama. Kama unaondoka na noti 55, basi katikati ya kiwanja uone 39 kwenye saa ya kasi. Ukiona 30, usisubiri.

---

Mtunza Kiwanja

Habari zenu. Mimi si rubani. Mimi niko Laikipia, ndio natunza kiwanja cha shamba moja, na nimesoma hii uzi yote kwa sababu nyinyi mnatua kwenye kazi ya mikono yangu. Wacha niwaambie upande wa huku chini.

Nyasi tunakata fupi, lakini mvua ikianza kwa wiki mbili zinafika magotini na trekta iko shamba. Muhanga anachimba usiku mmoja. Jioni ulipita hakuna kitu, asubuhi kuna shimo mtu anaweza ingiza mguu mpaka paja, na mchanga wake amerusha pembeni, nyasi zimefunika. Ngiri naye anapanua. Mimi hutembea kiwanja yote na fimbo kila asubuhi yenye kuna ndege, upande mmoja nikienda, upande wa pili nikirudi, nikidunga mahali nyasi imelala vibaya. Shimo nikipata najaza mawe madogo chini, halafu udongo, halafu naponda na gogo, namwagia maji, naponda tena. Ukijaza udongo mkavu peke yake, tairi ya kwanza inaingia.

Kwa hivyo naomba: pigeni simu siku moja kabla. Si asubuhi mkiwa mmeshawasha. Nikijua saa ya ndege, ng'ombe wa majirani watakuwa wamepita kwenda maji na kijana atasimama kila mwisho wa kiwanja. Na mkipita chini kukagua, mkiniona nimeinua mikono miwili nikiivukanisha, msitue. Sina njia ingine ya kuongea na nyinyi.

Tena nikisema "iko sawa" muulize iko sawa kwa gari ama kwa ndege. Gari yangu inapita vizuri mahali ndege haiwezi. Mimi sasa huendesha pickup katikati ya kiwanja kilomita hamsini kwa saa. Nikirushwa kwa kiti, nawaambia wasikuje.

---

Bawa la Juu

Kaka, asante sana kwa hili. Natamani kila rubani anayesoma hapa aisome post yako mara mbili. Hizo ishara za mikono tukubaliane kabisa na kila mtunza kiwanja kabla ya safari, na namba yake ya simu iwe kwenye karatasi ya safari pamoja na mafuta na uzito.

---

Dada Rada

Naongeza kuhusu tope, kwa sababu masika yanakaribia.

Ule udongo mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka, nyufa zinaingiza ngumi. Ukinyeshewa unakuwa gundi. Unaviringika kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na uma wa mbele, na ndege inasimama kama imefungwa kamba. Kwa juu unaweza kuona majani mabichi mazuri tu. Angalia alama za magari: zikiwa na maji yanayong'aa ndani, rudi nyumbani. Kama una shaka lakini kiwanja ni kirefu, wenye uzoefu hugusa kwa matairi makuu tu, nguvu ikiwa bado ipo, wanaondoka tena, kisha wanapita kuangalia alama walizoacha. Mistari miwili mikavu, sawa. Mistari ikiwa imejaa maji, mmeshapata jibu.

Nyasi mbichi nazo ni hatari nyingine hata ardhi ikiwa ngumu. Breki hazishiki. Kwa kutua, vizidisho vile alivyotaja Mzee ni 1.15 nyasi zikiwa kavu na 1.35 zikiwa mbichi, na nyasi fupi sana zilizolowa juu ya ardhi ngumu zinaweza kufika 1.6. Umande wa saa moja asubuhi unatosha kufanya hivyo. Kwa hiyo asubuhi inakupa hewa nzuri ya kupaa, ila anayekuja kutua wakati huo huo apige hesabu yake tofauti.

---

Kijana wa Hangari

Na kulala huko? Kampuni moja wameniambia ndege hulala porini usiku.

---

Fundi Spana

Funga ndege chini kwa kamba kila bawa na mkia, usukani ufunge, kizuizi kwenye matairi. Ziba ile mirija ya kupimia kasi, nyigu wanajenga ndani kwa mchana mmoja tu. Kisha kata matawi ya mgunga yenye miiba, zungushia matairi yote matatu, manene kweli. Fisi wanatafuna matairi. Wanapenda mpira, na wakipata tairi la mbele huna pa kwenda asubuhi, labda ndege nyingine ikuletee. Kuna wanaozungushia ndege nzima kama boma, na pale penye simba ningefanya hivyo.

Asubuhi, ukitoa miiba, ihesabu. Mwiba mmoja wa mgunga uliosahaulika kwenye nyasi unatoboa tairi wakati wa kukimbia, na unafahamu ni tairi lipi hatutaki lipasuke. Sogeza ndege kwa mkono mita chache, angalia matairi upande uliokuwa chini, ndipo uwashe. Na ukiivuta ndege kwa fimbo yake ya mbele usiipindue kupita zile alama za mwisho. Pini za mguu wa mbele nyingi zinavunjwa na trekta na watu wanaosukuma, si na kutua.

---

Mkia wa Nyuma

Nimefuatilia mpaka hapa. Nabaki na ndege yangu, lakini ile ya kushikilia usukani nyuma mpaka ndege isimame nitawaambia na wanafunzi wetu, maana kwa tairi la mkiani nasi tunafanya hivyo hivyo kwa sababu nyingine. Swali kwa mleta uzi: kugeuka mwisho wa kiwanja je? Nimeona 206 inageuzwa kwa breki ya upande mmoja na nguvu nyingi, tairi la mbele linakwangua ardhi pembeni.

---

Bawa la Juu

Umeuliza jambo zuri mkuu, nililisahau kabisa kuliandika.

Usigeuke pale mwisho kabisa ambako nyasi huwa ndefu na hakuna aliyetembea. Geuka mahali ulipokwisha kupaona ukiwa unakimbia. Mduara mpana, mwendo wa mtu anayetembea, usukani ukiwa nyuma muda wote hata kwenye kona, nguvu kidogo tu. Kufunga breki upande mmoja na kuongeza nguvu kunalazimisha mguu wa mbele upokee msukumo wa pembeni, na haukutengenezwa kwa hilo. Pia propela inavuta mawe wakati ndege haisogei. Nafasi ikiwa ndogo mno, zima injini, shuka, igeuze kwa fimbo ya mkono. Kwa 206 iliyojaa mnahitaji watu wawili wa kukandamiza mkia ili pua inyanyuke, na wakandamize pale fundi alipowaonyesha, si kwenye bati lolote tu.

Kijana wa Hangari, nikutumie PM ile karatasi ya hesabu ninayotumia kwa 182, ujaze kiwanja chako cha mita 1,000 kwa uzito wa watu wawili kisha wa wanne, halafu ubandike majibu hapa tuyapitie pamoja na Mzee.